Maji Meusi kwenye Dohani

Watu walimwita Fundi Hebu, kwa sababu hakuna kitu alichowahi kupewa mkononi akakipokea bila kusema, "Hebu nione." Ukimpa kikombe cha maziwa, hebu nione, hata kama alikuwa amesimama kando ya ng'ombe wakati anakamuliwa. Ukimwambia mvua inanyesha, hebu nione, na mkono unatoka dirishani. Mkewe aliapa kwamba siku alipoikubali posa yake, mwanamume huyo alimwomba arudie jibu lake polepole, aone kama kweli hamna jambo jingine nyuma yake.

Kazi yake ilikuwa kufunga majiko ya chuma ya kuni na dohani zake. Mji wao ulikuwa juu, penye ukungu na baridi ya kupenya mifupa, na nyumba isiyo na jiko ilikuwa nyumba ya kukaa na blanketi mabegani tangu asubuhi. Mabomba aliyakata na kuyakunja mwenyewe kwa bati, kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Kila bomba lilipokamilika alilielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja na kuchungulia ndani kama mtu anayemtafuta mwizi kwenye handaki.

Bomba la jiko lina ncha mbili. Moja hubinywabinywa kwa koleo mpaka iwe na mikunjo kama ya marinda, ipungue upana kidogo. Hiyo mafundi huiita dume. Nyingine huachwa pana. Hiyo ni jike. Dume la bomba moja huingia kwenye jike la jingine, na hivyo dohani hupanda kipande kwa kipande kutoka kwenye jiko hadi juu ya paa. Lipi liangalie juu na lipi liangalie chini, hilo Hebu alifundishwa na marehemu baba yake, na hakuwahi kumwambia mtu. Aliamini kwamba siku atakayoitamka siri hiyo, kesho yake kila mwenye koleo mtaani atakuwa fundi wa majiko.

Yeye mwenyewe hakupanda paa. Alisema ni goti. Kwa hiyo kwa miaka mingi mdogo wake wa kiume, aliyefundishwa na baba yule yule, ndiye aliyefanya kazi ya juu, na alipohamia mbali kufuata maisha yake, nafasi ile ikachukuliwa na shemeji, mume wa dada yao wa mwisho. Shemeji huyo alikuwa mwezekaji wa mabati kwa miaka yote ya ujana wake. Alitembea juu ya paa huku anakula muhogo, mikono yote miwili ikiwa na shughuli nyingine, na ndiyo maana watu walimwita Paka.

Walivyofanya kazi ilikuwa hivi. Hebu aliingia chumbani, akafunga mlango, akaunga mabomba yake kutoka kwenye jiko hadi darini. Paka alikaa juu, akashusha bomba lake kwenye tundu la paa likutane na la Hebu, kisha akaendelea kupandisha mengine hadi kwenye kofia, kile kifuniko cha juu kabisa cha dohani. Hawakuonana. Waliongea kwa kugonga bati: pigo moja, nimeshika, mapigo ya haraka haraka, ngoja kwanza, unanivunja vidole. Siku ya kwanza kabisa Paka aliuliza, "Shemeji, haya ya huku juu niyapangeje?" Hebu, ambaye tayari alikuwa ameshaanza kujiuliza kwa nini anauliza, akamjibu, "Si wewe ni fundi wa paa? Panga kama unavyojua."

Wakafunga majiko msimu wote wa jua, na wateja walisifu. Jua likiwaka, nani anawasha moto wa maana? Baridi ilipoingia, sifa zikageuka.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja fundi cherehani. Alikuja na kitambaa cheupe kimekunjwa kwapani, akakikunjua mbele ya kibanda bila salamu. Katikati palikuwa na madoa meusi, kama mtu aliyepangusa kalamu iliyovuja.

"Fundi, nilikuagiza jiko au nilikuagiza kiwanda cha wino?"

"Hebu nione," akasema Hebu. Akanusa. Harufu ya moshi uliolala, chungu mpaka kooni. "Unachoma kuni mbichi wewe."

"Kuni zangu nimezianika mpaka zinalia ukizigusa. Njoo uone mwenyewe. Si ndiyo kazi yako, kuona?"

Akaenda. Alikagua kila kiungo chake kwa ncha ya kidole. Vilikuwa vikavu. Lakini juu kabisa, pale bomba lilipotoboa dari, michirizi myeusi ilikuwa imeteremka nje ya bati, ikafuata bomba lote mpaka kwenye kiwiko, pale bomba lilipopinda, na hapo ikadondokea meza ya kushonea. Kwa hiyo maji yalitoka juu. Na juu alikuwa nani?

Alirudi nyumbani. Mkewe alimwekea chakula, naye Hebu akakiangalia muda mrefu kuliko kawaida.

"Nimeweka sumu ya panya leo," mkewe akasema. "Kula kabla haijapoa."

"Mama Mkubwa, sina utani."

"Najua. Ndiyo maana nakuwekea mimi." Hebu alimwita mkewe Mama Mkubwa kwa sababu ndivyo watoto wa ndugu zake wote walivyomwita. "Nani leo?"

"Paka."

"Ee, shemeji wa watu! Amekukosea nini?"

Hebu alikuwa na dalili tu. Na mtu kama yeye akishapata dalili moja, nyingine huja zenyewe kama kuku wakisikia mtama. Wiki ile ile mteja wa pili akalalamika, dereva mstaafu wa mtaa wa juu, halafu ghafla akakaa kimya. Hebu alipokwenda kumtazama, alikuta michirizi imefutwa. "Si ulimtuma yule mwenzako Jumapili?" dereva akamwambia. "Alikuja na ngazi. Amepiga kazi huko juu, sasa iko sawa."

Hebu hakuwa amemtuma mtu.

Kesho yake, Paka alipokwenda kunywa maji, Hebu alifungua mkoba wa vifaa wa Paka. Chini ya nyundo na mkasi wa bati kulikuwa na vipande vifupi vya bomba, urefu wa kiganja hivi, ambavyo hakuwahi kuviona. Alivigeuza. Vilikuwa vimebinywa ncha zote mbili. Dume huku, dume kule. Kipande cha namna hiyo hakuwa amekitengeneza, hakuwa amekiagiza, na kwa jinsi alivyofundishwa yeye, hakikuwa na kazi yoyote kwenye dohani. Mtu anayetembea na vyombo vya kazi isiyojulikana, ana kazi nyingine isiyojulikana.

Basi akaiunga hadithi yote. Paka anaharibu kule juu ili maji yavuje. Wateja wanamlaumu Hebu, kwa sababu jina linalojulikana ni la Hebu. Kisha Paka anarudi Jumapili peke yake, anatengeneza, anaonekana mwokozi. Baridi ikiisha, mji mzima utasema: mkitaka jiko, muacheni yule mzee wa hebu-nione, mwiteni Paka. Kila kipande cha hadithi kiliingia kwenye kingine bila kulazimishwa, na hilo lilimpa furaha chungu.

Tatizo lilikuwa dada, mke wa Paka. Mama yao alipofariki, dada huyu alikuwa bado anatambaa, na Hebu ndiye aliyembeba mgongoni huku anakunja bati. Alimlea, akamsomesha alivyoweza, akamwoza. Ndugu wengine walikuwa wametawanyika. Mlango pekee ambao Hebu aliingia bila kubisha ulikuwa wa dada huyo, na aliyekuwa nyuma ya mlango huo ni Paka.

Alimkuta anafua uani.

"Karibu, kaka. Mbona uso umeukunja kama dume la bomba?"

"Mumeo Jumapili huwa anakwenda wapi?"

Dada aliacha kukamua shati. "Anachukua ngazi, anaondoka. Anasema kazi. Kwani si kazi yenu?"

"Hajakwambia kazi gani?"

"Wewe humwambia wifi kila kitu?"

"Namuulizia yeye, si mimi."

Dada alijifuta mikono kwenye kanga, akaja karibu. Alikuwa mfupi, lakini akiwa na hasira Hebu alijikuta anarudi nyuma. "Kaka, nikuambie. Mwanamume huyu wakati unamchunguza kabla ya kuniozesha, ulimchunguza mpaka meno. Ukasema sawa. Nikaingia kwake kwa neno lako. Leo ukisema ni mwizi, mimi nifanye nini? Nirudi kwako na watoto wangu au nibaki na mwizi?"

"Sijasema mwizi."

"Bado. Unakuja kuokota maneno ya kusemea. Sasa sikia. Kama una ushahidi, leta hapa mezani, nitakusikiliza mimi kwanza kabla ya mtu mwingine. Kama ni zile hebu zako, basi ziache hapo nje ya ua. Ukimfukuza huyu kwa fununu, mlango huu usiupite tena. Na mimi nitalia mpaka nichoke, lakini usiupite."

Hebu aliondoka na maneno hayo shingoni kama mzigo wa kuni. Ushahidi ulikuwa juu ya paa. Na yeye na paa walikuwa hawajawahi kusalimiana.

Hapo ndipo kazi ya gesti ilipokuja. Mwenye gesti, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alitaka jiko kila chumba, lakini alikuwa amesikia habari za kitambaa cheupe.

"Mtafunga chumba kimoja," akawaambia wote wawili, kidole juu. "Nitawasha moto mwenyewe usiku kucha. Asubuhi nikiona tone, tone moja tu kwenye shuka zangu, mtabeba mabati yenu na mtanikuta nimeshasimulia soko zima. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, mama," akasema Paka.

"Na wewe mzee, mbona unaniangalia kama nimekuibia?"

"Ndivyo macho yake yalivyo, mama," Paka akasema. "Hata sisi wa nyumbani hutuangalia hivyo hivyo."

Mwenye gesti alicheka. Hebu hakucheka.

Aliingia chumbani, akafunga mlango, akaunga mabomba. Mikono ilijua kazi yenyewe, masikio yakabaki juu. Alisikia nyayo za Paka kwenye bati, nyepesi. Akasikia bomba likishuka, pigo moja, akajibu. Kisha akasikia kitu ambacho hakuwa amewahi kukisikiliza kwa makini: kukwangua, kimya kidogo, halafu sauti ya kitu kibichi kinachopakwapakwa, kama mtu anayesiliba ukuta. Dohani haisilibwi udongo. Kiungo kikiwa sawa, hakihitaji plasta.

Sasa anaharibu, Hebu akajisemea. Sasa hivi, mikono yake ikiwa bado imechafuka.

Alifungua mlango, akazunguka nyuma ya nyumba, akaiona ngazi. Nyumba ilikuwa ya chini tu, paa la mteremko wa kawaida, hata mbuzi mwenye nia angelifika. Hebu alishika ngazi kwa mikono yote miwili na kumtazama mwenye gesti, aliyekuwa anaanika shuka.

"Goti limepona?" mwenye gesti akauliza.

Hebu alipanda akiwa ameukumbatia kila mti wa ngazi kama ndugu aliyerudi safari. Alipofika kwenye ukingo wa paa alilala kifudifudi, akajivuta, shavu likiwa juu ya bati baridi, mpaka viatu vya Paka vikawa mbele ya pua yake.

"Shemeji!" Paka alisema. "Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuona."

"Umeona?"

"Bado sijafumbua macho."

Mkono wa Paka ukamshika kwenye ukosi wa koti, kwa nguvu, na kumvuta hadi palipokuwa na ubapa kidogo kando ya bomba. Hebu akashika bomba, akafumbua jicho moja, halafu la pili.

Aliona ndoo ndogo ya udongo uliochanganywa na majivu. Aliona kiungo kilichosilibwa nusu. Juu yake aliona madume ya mabomba yote yakiangalia mbinguni. Na pale chini kabisa, kwenye tundu la paa, bomba la Paka lilipokutana na lake, majike mawili yalikuwa yametazamana uso kwa uso kama watu wanaogombana, na katikati yao, kikiyaunganisha, kipande kifupi chenye dume huku na dume kule.

"Umeyageuza," akasema.

"Nini?"

"Mabomba. Umeyageuza yote. Dume juu! Nani alikufundisha?"

"Mabati yalinifundisha," Paka akasema, naye sauti imeanza kupanda. "Bati la juu hulala juu ya lile la chini, mvua ipite isiingie. Wewe ungepanga la juu lijifiche ndani ya la chini? Mvua yote si ingeingia kwenye kiungo?"

"Mvua si kitu! Mvua iko nje, ikiingia tone moja litakaushwa na joto. Maji mabaya yako ndani. Moshi ukifika huku kwenye baridi unatoa jasho, jasho jeusi, linateremka kwenye ukuta wa bomba. Dume likiangalia chini, jasho linabaki ndani, linarudi kwenye moto, linaungua. Dume likiangalia juu, jasho linakuta mwanya, linatoka nje, linateremka mpaka kwenye cherehani ya mama wa watu!"

Paka alitazama dohani, midomo ikicheza kidogo, kama anayelitembeza tone moja kichwani kutoka kwenye kofia hadi chini. Kisha akakaa kitako.

"Ndiyo maana," akasema. "Kila nikisiliba, baada ya siku chache linatoka tena."

"Kwa hiyo ulijua linavuja."

"Nilijua. Niliona kwa dereva. Jumapili zote nimekuwa nikizunguka na ndoo hii kama mwendawazimu."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie wewe?" Paka akamgeukia. "Shemeji, wewe mtu akikwambia amepotea njia unamuuliza nani amemtuma apotee. Ningekuja nikasema, kazi yangu inavuja, sijui kwa nini. Ungesema nini? Ungesema, aha."

Hebu alifungua mdomo. Kitu pekee kilichokuwa tayari kutoka kilikuwa hicho hicho, aha, na akakimeza.

"Na mimi siku ya kwanza nilikuuliza," Paka akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nilikuuliza haya nayapangaje. Na chini unafunga mlango. Miezi yote hii sijawahi kuona hata siku moja unavyounga. Nilikuta tu mabomba yako na yangu hayaingiliani, nikasema basi, labda ndivyo yalivyo, nikatengeneza vile vipande. Nikaona nimebuni."

Chini, mwenye gesti aliita, "Mnafunga bomba au mnafunga ndoa?"

Hebu alitazama vile vipande vifupi. Vilikuwa vimekunjwa vizuri, mikunjo sawasawa, kazi ya mtu aliyekaa peke yake akijaribu mpaka kikakubali. Alitafuta ndani yake ile hadithi aliyoiunga kwa furaha, ya mwokozi wa Jumapili na mji mzima, akaikuta bado ipo, imesimama wima, haina hata kasoro. Ila haikuwa kweli. Hilo lilimtisha kuliko paa.

"Yateremshe," akasema. "Toa lile la juu kwanza. Ukilishika hivi, dume chini, mshono wa bati utazame mbali na upepo. Sasa sukuma huku unazungusha. Usigonge. Ukigonga unaivunja mikunjo. Hapo. Umesikia lilivyokaa?"

"Nimesikia."

"Basi ndiyo hiyo. Hakuna kingine."

"Ndiyo siri yenyewe?" Paka akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Mzee wako alikaa na hii mpaka anakufa?"

"Na mimi ningekaa nayo."

Asubuhi iliyofuata mwenye gesti aliwaonyesha shuka zake, nyeupe, na akawapa vyumba vilivyobaki huku akiwakumbusha kwamba bado anawaangalia. Lakini kabla ya kuanza chumba cha pili, Hebu alisema lazima wazirudie dohani zote za msimu uliopita. Paka hakubisha. Alibeba ngazi, wakaenda kwanza kwa mama fundi cherehani.

Alikuwa mlangoni, sindano mdomoni. Aliwatazama wakiteremsha mabomba, wakiyageuza, wakiyarudisha, mpaka walipomaliza. Ndipo akatoa sindano.

"Kwa hiyo yaliwekwa vibaya tangu mwanzo."

"Ndiyo, mama," akasema Hebu.

"Nani aliweka? Maana mimi nataka kujua nani aliniharibia kitambaa. Mtu alinilipa kukishona, mimi nikaonekana mchafu. Mmoja wenu aliweka. Nani?"

Paka alikuwa anafunga kamba kwenye ngazi. Mikono yake ilisimama. Hakuinua kichwa.

Hebu alimwona. Aliliona pia jibu, lilivyokuwa karibu na rahisi: la juu ni la huyu, mimi ni wa ndani. Lilikuwa kweli hata ukilipima. Lingefika sokoni kabla ya saa sita, na kwa dada kabla ya saa nane.

"Sisi," akasema.

"Sisi ni nani? Dohani haiwekwi na sisi."

"Hii iliwekwa na sisi, mama. Mimi nilijua sikumwambia. Yeye hakujua, akaendelea. Ukitaka kututukana, tutukane wote kwa pamoja."

Mama fundi cherehani alimtazama yeye, akamtazama Paka, akarudisha sindano mdomoni. "Mmenipotezea hata hamu ya kutukana," akasema kupitia meno, akaingia ndani.

Waliondoka. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, na moshi wa nyumba za watu ulining'inia juu ya mabati bila kwenda popote. Paka alitembea hatua kadhaa mbele, kisha akapunguza mwendo.

"Shemeji."

"Naam."

"Kwa nini umesema vile?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyokuwa," Paka akarudia. Akatafakari. "Dada yako amekutuma?"

"Hajanituma mtu."

"Unataka tugawane kazi? Unataka niende zangu polepole bila kelele? Sema tu, mimi ni mtu mzima."

"Sitaki kitu, shemeji. Nimesema tu."

Paka aliguna kwa sauti ya mtu aliyesikia lakini hajanunua. Akaihamisha ngazi kutoka bega la kushoto kwenda la kulia, ikawa katikati yao, na wakaendelea hivyo mpaka kwa dereva mstaafu, kila mmoja upande wake. Njiani aligeuka tena na tena kumwangalia Hebu usoni kupitia katikati ya vidato, na Hebu, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa hana kitu cha kuficha, hakujua uso wa namna hiyo unawekwaje.